Umri wa Dada Yangu

Nilimzika dada yangu Ntumba mwezi uliopita na sikulia. Watu waliona. Siku ya tatu ya kilio nilikuwa nimeketi chumbani kwake, juu ya kitanda kisicho na shuka, na wanawake wawili wa kanisa lake walikuwa jikoni wakiosha masufuria. Ukuta wa nyumba ile ni mwembamba, nao walidhani nimekwenda sokoni. "Hata machozi moja," alisema mmoja. "Na ilikuwa yaya yake wa tumbo moja." Yaya, kwetu Lubumbashi, ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. "Ni kasirani ya zamani," mwenzake akajibu. "Mambo ya diplôme. Na ile mambo ya mutoto." Ningetoka ningewapa vidonge vyao, lakini siku zile nilikuwa nimechoka hata kugombana, na hiyo si kawaida yangu. Niliwaacha waoshe. Ila maneno yao yalinikaa kooni, kwa kuwa wamechanganya kila kitu, na waliobaki wanaojua ukweli ni mimi na daktari mmoja ambaye sijui kama bado yu hai. Afadhali niuseme mwenyewe kabla hawajautia chumvi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimeolewa miezi minane, na nilikuwa nimeanguka mtihani wa taifa mara mbili. Kampuni moja ya shaba ilitafuta mwanamke wa kutunza ghala la buti na glavu, lakini awe na diploma. Ntumba, aliyekuwa mwalimu, alikuwa nayo. Aliipata nikiwa bado nakojoa kitandani, maana alinizidi miaka kumi na miwili, na aliifunga ndani ya plastiki mbili, chini ya nguo za ibada, katika sanduku la chuma lililokaa hapo hapo kwenye chumba hiki nilichosikilizia wale wanawake. Diploma za wakati ule hazikuwa na picha. Zilikuwa na jina, mahali pa kuzaliwa na tarehe. Nakumbuka alikuwa anakula sombe na bukari, yaani kisamvu na ugali, vidole vina mafuta, kwa hiyo aliniambia nifungue sanduku mwenyewe. "Chukua," alisema. "Mi niko na kopi ku masomo, inanitosha. Lakini usinichafulie jina." Hakunibembeleza, hakunibariki, aliendelea kula. Kesho yake nilikuwa Ntumba, mwenye miaka thelathini na saba, na picha yangu ikabandikwa juu ya tarehe yake kwenye kadi ya kampuni. Ghalani waliniita Mama Ntumba. Wale wasichana wa ofisini waliuliza, "Mama Ntumba, unapakalaka nini ku sura? Hauzeeke." Niliwaambia ni mafuta ya mawese. Wawili walijaribu, wakatokwa na vipele, nami nikacheka peke yangu nyuma ya masanduku ya buti.

Kicheko kilikwisha mwezi wa sita, kwenye baridi. Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitatu. Katika zahanati ya kampuni alikuwa amefika daktari mpya, mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa, aliyerudi kutoka masomoni Afrika Kusini na mashine ya ekografi, ya kutazama mtoto tumboni, na ari ya mtu aliyejifunza jambo jipya. Aliagiza kwamba kila mjamzito aliyepita miaka thelathini na mitano apimwe mapema, maana mama akiwa mkubwa, alisema, kuna kasoro ambazo mtoto huweza kuja nazo, na ni vizuri zijulikane. Walisoma kadi wakaniita. Chumba kilikuwa na pazia la kijani, kalenda ya duka la vipuri, na meza iliyofunikwa karatasi iliyopasuka kila nilipogeuka. Daktari alinipaka kitu cha baridi tumboni, akatazama kioo kwa muda mrefu, akapima unene wa maji nyuma ya shingo ya kile kilichokuwa bado kama kidole gumba. Kisha muuguzi alitoa damu ya kupelekwa Johannesburg, akanakili tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kadi. Niliona mkono wake ukiandika mwaka wa Ntumba. Kinywa kilikuwa changu na ningeweza kukifungua. Sikukifungua, maana niliona buti zangu, glavu zangu, kiti changu, na msichana mwingine ameketi juu yake.

Karatasi ilirudi baada ya majuma mawili. Daktari alinieleza kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Mama Ntumba, kuko batoto banakuyaka na kromosomu moja ya kuzidi. Banaita ile trisomie. Banakomaa polepole, na moyo ya bamoja inakuwa na shida. Hii karatasi haisemi asema wa kwako iko nayo. Inasema tu asema hatari iko mukubwa, tuangalie tena." Nikamuuliza inaangaliwaje tena. Akasema kwa sindano ndefu ya kuvuta maji anamolala mtoto, si hapa bali kule kule Johannesburg, na kwamba mara chache sindano hiyo huiharibu mimba yenyewe. Nikamuuliza hatari mashine imeipataje. Akanionyesha kwa kalamu: kipimo cha shingo, damu, na umri. "Âge njo inapandisha sana," alisema. Nilitazama lile neno nikajua ni nani aliyempandisha mwanangu mlima ule. Nikakunja karatasi nikaenda nayo nyumbani.

Mume wangu Ilunga aliisoma mara mbili, kisha akafanya kosa ambalo wanaume walio watoto wa mama hulifanya: akampigia mama yake. Mama mkwe alifika kutoka Kambove kesho yake saa sita, na mfuko wa viazi vitamu na samaki wakavu, akaketi kwenye kiti cha Ilunga na hakukiacha kwa majuma matatu. Aliomba aione karatasi. Hakujua kusoma Kifaransa lakini tarakimu alizijua, na tarakimu ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa thelathini na saba. Tangu saa ile hakunitazama usoni. Nilimpikia bukari asubuhi na jioni, akasema ni laini. Nikaupika mgumu, akasema Wakasai, watu wa asili yetu sisi, hawajui maji. Jioni moja nilikuwa uani nikikatakata kikanda, ile mikate ya mizizi ya porini ambayo nilikuwa na hamu nayo mimba nzima, nikamsikia dirishani akimwambia mwanawe.

"Ilunga, balikuuzisha mama muzee. Miaka makumi tatu na saba. Iko mukubwa kukupita."

"Mama, sema polepole."

"Niseme polepole juu ya nini? Tumbo ya muzee njo inaleta mutoto wa vile. Mi silee mutoto wa kutoa ulimi. Kuko infirmier moja huku mtaa ya Kenya, anatoshaka mimba bila kelele. Mumupeleke kabla haijakuwa kubwa."

Kutosha mimba, kwetu, ni kuitoa. Nilingoja. Ilunga alijua umri wangu, alikuwepo siku niliyobatizwa jina la diploma, na aliwahi kulicheka pamoja nami. Neno moja lingetosha. Badala yake nilisikia kijiko kikigonga sahani, na mume wangu akisema kwamba watafikiri. Usiku, nilipomshika shati, alinijibu kuwa mama yake hawezi kufunga kinywa, angesema Kambove nzima na Likasi, kazi ingepotea. Kazi ilikuwa yangu, lakini aliyeipenda zaidi alikuwa yeye. Nimeishi miaka mingi tangu pale na nimeudhiwa na watu wengi, na bado kile kijiko kwenye sahani ndicho kinachoniudhi zaidi.

Nilikwenda kwa Ntumba Jumamosi, katika nyumba yake ya mtaa wa Kenya, kati ya gereji ya pikipiki na kanisa ambalo lilikuwa linajaribu vipaza sauti vyake. Alikuwa anasahihisha madaftari. Alinisogezea sahani ya karanga za kuchemsha bila kuinua macho, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Yaya, nataka nimwambie docteur âge yangu ya kweli."

"Hapana."

"Bataniua mutoto juu ya karatasi yako."

"Karatasi haiue. Bantu njo banaua." Alifungua daftari jingine. "Inspecteur iko nakuya mu septemba. Banataka kunitia directrice, mukubwa wa masomo, miaka kumi na tano niko nangojea. Bakiona numéro moja ya diplôme fasi mbili, mi njo natoka. Sikukupa ile diplôme unizike nayo."

"Basi nitoshe mimba?"

"Nani alisema utoshe? Mwambie mama mukwe yako afunge kinywa, uzale mutoto yako."

"Mutoto yangu haiko mugonjwa. Ni miaka yako njo iko mugonjwa."

Hapo aliweka kalamu nyekundu mezani. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, uso mkavu, uso wa mwalimu anayengoja jibu ambalo anajua mwanafunzi hanalo. "Na kama iko nayo?" aliuliza. "Unasema âge ya kweli, banakupa karatasi ya muzuri, na anakuya vile vile. Utamufanya nini?"

Kwetu neno la mkubwa juu ya mimba halipiti hivi hivi. Akitamka jambo baya amelifungulia mlango, hata kama ameuliza tu. Damu ilinipanda. Nilimwambia anamlaani mtoto wangu. Akasema ameuliza. Nikasema amemlaani, na kwa wivu, maana yeye Mungu hakumpa tumbo la kushika kitu. Hilo nililisema. Ntumba alikuwa ametoka kwa mume kwa ajili hiyo, na watu wote wa ukoo tulilizunguka jambo lile kama shimo barabarani. Alichukua sahani ya karanga, akaimimina ndani ya mfuko wa plastiki, akanipa. "Kwenda," alisema. Nilikwenda, na karanga zake nilizimwaga mbele ya gereji ili azikute.

Jumatatu niliingia kwa daktari na kufunga mlango. Nilimwambia kila kitu. Alikuwa mama mpole, lakini siku ile aligeuka moto. "Nilipima tumbo ya muntu mwingine," alisema. "Unajua? Nililala na hii dossier yako mu kichwa, kumbe nilikuwa nalala na ya muntu mwingine." Nikamwomba aandike upya. Akasema ataandika, ila umri ukibadilika kwenye faili la zahanati lazima ubadilike kwenye faili la wafanyakazi, hawezi kuwa na wagonjwa wawili katika mwili mmoja. Akaniuliza kama naelewa. Nilielewa vizuri sana. Nataka wale wawili wa jikoni wajue jambo hili: hakuna aliyenilazimisha, wala sikuteleza. Nilijua kiti changu kitakwenda na cha Ntumba kitafuata, na nikamwambia, "Andika."

Karatasi ya pili ilikuwa nzuri. Shingo ile ile, damu ile ile, umri mwingine, na hatari ikashuka hadi chini. Daktari aliniwekea kidole juu ya mstari wa mwisho. "Sikia, mama. Hatari kidogo haiko sawa na hakuna hatari. Hii nayo haisemi asema hana." Sikusikia. Nilikuwa nimesimama tayari. Nilifika nyumbani wakati wa chakula cha mchana, mama mkwe anachambua miiba ya samaki, nikaitandaza ile karatasi mezani kati ya bakuli la maji ya kunawa na bukari, nikamsomea kwa sauti ya redio.

"Sasa uko na miaka ngapi?" aliuliza.

"Makumi mbili na tano."

"Basi uko mwizi."

"Afadhali mwizi kuliko muzee," nilisema. "Na mutoto hana kitu. Usome."

Alirudi Kambove siku iliyofuata na viazi vyake vilivyobaki. Nilijiona nimeshinda. Nilibeba karatasi ile katika mkoba miezi yote iliyobaki, nikawaonyesha majirani ambao hata hawakuuliza, nikaionyesha kwa muuza mkaa. Mwezi wa nane kampuni ilinifukuza. Mwezi wa tisa mkaguzi alifika shuleni kwa Ntumba akiwa na namba ya diploma, iliyotoka kampuni, imeandikwa kwenye kijitabu, na jioni ile alitoka pale bila ofisi ya mkuu na bila hata darasa lake. Alianza kufundisha watoto wa majirani kusoma, kwenye baraza lake, wakiwa wameketi juu ya makopo ya maziwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema ndugu zetu wakinitazama, na mimi nikawajibu kwamba guu lililovunjika si langu. Nilikuwa mbaya. Nilikuwa na karatasi.

Leo, nikiziwaza zile karatasi mbili, naona nilizigombania bure. Ya kwanza ilizungumza juu ya mwanamke ambaye hakuwepo. Ya pili ilizungumza juu yangu. Juu ya mtoto zote mbili hazikujua kitu, na daktari alinieleza hivyo mara zote mbili kwa Kiswahili changu mwenyewe. Lakini kilichonitia aibu zaidi nilikielewa nikiwa na miaka mingi. Mama mkwe alisema mtoto wa namna ile asije. Mimi nilipiga kelele mwaka mzima kwamba wangu si wa namna ile. Tulikuwa upande mmoja, tukigombana.

Alizaliwa mwezi wa kumi na mbili, mvua ikipiga mabati ya hospitali ya uzazi hata hatukusikizana. Mkunga alimgeuza, akaangalia macho yake, shingo yake, akafungua kiganja chake, akakifungua tena. Nilijua kabla hajaita mwenzake. Ilunga aliingia, akatazama, akasema anakwenda kumpigia simu mama yake, na sikumwona tena hadi juma lililofuata. Kwao jina la mtoto huletwa na upande wa baba. Hakuna aliyeleta. Chumba kilikuwa na vitanda sita, na ndugu wa wale wengine watano waliingia na uji, bukari wa moto, ndizi za kupika, wakipita mbele ya kitanda changu kwa adabu nyingi. Mtoto alikuwa na midomo milegevu, ulimi ukitokeza, hakuweza kulivuta ziwa. Nilimjaribisha mara moja, mara mbili. Kisha nikaacha. Muuguzi akiuliza nilisema amenyonya. Siwezi kulipamba hili: nilikuwa nimegeukia ukutani, nikingoja ajichokee mwenyewe, ili nisiulizwe na mtu yeyote nimefanya nini. Karatasi nzuri ilikuwa bado ndani ya mkoba chini ya kitanda.

Ntumba alikuja siku ya pili mchana. Sijui nani alimwambia. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya karanga. Alikuwa amelowa hadi magotini, amebeba kikombe cha plastiki, kijiko kidogo na kipande cha sabuni. Hakunisalimia. Alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, taratibu, mpaka kwenye viwiko, akamchukua mtoto, akamtazama kama anavyotazama daftari, mstari kwa mstari, bila haraka.

"Alikula saa ngapi?"

"Hanyonyake."

"Sikuulize kama ananyonyaka. Nakuuliza alikula saa ngapi."

Nilivuta shuka hadi kidevuni. Akaelewa. Niliona taya lake likikaza, nikadhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Akaniwekea kikombe mapajani. "Kamua," alisema. Nilikamua. Yalitoka machache, ya manjano, mazito. Akaketi ukingoni mwa kitanda changu na mgongo wake umenielekea, akamwinua mtoto kichwa, akamdondoshea tone moja ndani ya shavu, akangoja, akadondosha jingine. La kwanza lilimwagika lote, na la pili likafuata.

"Sikukuya kukupatia musamaha," alisema, bila kugeuka. "Nilikuya juu ya mutoto."

Nikamwambia sijaomba msamaha. Ilikuwa kweli. Sikuuomba siku ile wala Jumamosi zote alizokuja nyumbani kumfundisha binti yangu herufi, akinipita mlangoni bila salamu, nami nikimwekea sahani bila kumkaribisha. Nilimchukia kwa kuwa aliniuliza lile swali, na nilimchukia zaidi kwa kuwa alikuwa na jibu lake. Sasa nimemzika, na ningeuomba leo hakuna wa kunikatalia.

Tone la tatu mtoto alilimeza. Tulisikia sote wawili, kooni mwake, sauti ndogo sana. Ntumba alinyoosha kikombe kitupu nyuma ya mgongo wake, bado hajanitazama.

"Leta ingine," alisema.

Nikakamua.